Dhamana ya Miaka Ishirini na Mitano

Mguu wa Gethin ulizama Jumanne,
ubao wa tatu kutoka mlangoni,
ukaingia hadi gotini, na chai mkononi isimwagike tone.
"Umeoza," akasema.
Hakusema upi, mguu au ubao.

Hapa Dolgellau mvua haiji. Mvua inaishi.
Huondoka kidogo kwenda milimani kuchota nyingine,
ikirudi inakukuta pale pale ilipokuacha.
Msonobari alioupigilia misumari mwaka tuliomzika mama yake
umekunywa miaka ishirini na mitatu ya maji hayo,
na koa wameuandika kwa ute, usiku baada ya usiku,
barua ambazo hakuna aliyezijibu.

Basi akaja kijana wa kampuni, Macsen, viatu safi mno,
akaweka vipande viwili mezani, kando ya siagi.
Hiki: ubao laini uliolowekwa dawa,
wenye ukijani kama wa mtu anayeona haya.
Hiki: unga wa mbao na mifuko ya plastiki,
vimeyeyushwa pamoja, vikafungishwa ndoa.
Hakipindi. Hakipasuki. Hakitaki mafuta wala hakichomi vibanzi.
Bei yake mara mbili na nusu.
Kizuri chajiuza, nikawaza,
na kijana alikwisha kuizunguka meza mara tatu.

"Dhamana," akasema, "miaka ishirini na mitano."
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Nina sabini na nne. Nitakuwa na tisini na tisa
siku nitakayompigia simu kudai,
naye atakuwa na kitambi, na viatu vichafu, natumaini.

Gethin alikinusa kile cha pili.
Ndivyo anavyochagua mbao, kama wengine wanavyochagua tikiti.
"Hakina harufu."
Akakigeuza, akatazama picha katika katalogi.
"Fundo hili liko hapa, na hapa, na hapa tena.
Mti gani huu unaoota jicho lilelile kila mita?"
Miaka arobaini ya kupiga randa ilikuwa ikisema,
lakini kipande kilitetemeka mkononi mwake,
na meza haikutetemeka.

Sote watatu tuliona. Kijana akaitazama siagi.

Ningeweza kusema: kila Mei, mafuta ya kitani,
magoti chini, brashi, siku mbili.
Ningeweza kuuliza: nani?
Mwaka jana alipaka mbao nne, akaniambia kopo limeisha.
Kopo ninalo. Limezidi nusu.
Nimelificha nyuma ya viatu vya mvua
asije akajua kwamba najua.

Nikauliza tu, "Plastiki haitelezi?"
"Huteleza," kijana akakiri, "ikiota kuvu. Zote huota kuvu.
Na siku ya jua kali huwaka, msiikanyage miguu peku."
"Siku ya jua," Gethin akasema, "tutajitahidi kukumbuka."

Kisha akauliza lililokuwa limemkaa tangu mwanzo:
"Na chini? Kinachobeba?"
"Boriti? Za msonobari. Chini huwa ni msonobari."
Mume wangu akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.
Ishirini na mitano juu, kumi na mitano chini:
ngozi itakayoizika mifupa yake.

Tulichukua plastiki. Naandika hivyo bila kujitetea.
Ya kijivu. Katalogi inaiita Ukungu wa Asubuhi,
kana kwamba tulipungukiwa.

Ila kidato kimoja, cha kushukia kwenye vitunguu,
Gethin alikikata mwenyewe, msonobari, siku nne kwa ubao mmoja.
Hakijalala sawa. Ukikanyaga kushoto kinalia.

Leo Mei imeingia.
Nimelitoa kopo nyuma ya viatu,
nikaliacha pale kidatoni na brashi juu yake, bila neno,
nikarudi ndani kuosha kikombe kilichokuwa safi.
Mvua imekwenda kuchota.